Hiyo Muscat Mnayoisikia: Historia ya Mji, Kutoka Ngome Mpaka Chanjo

SEHEMU YA 1: MANGA NI WAPI?

Tumemaliza mada ya kuhara, sasa naanza mada mpya. Wengi mtashangaa nesi kaingiaje kwenye historia. Subirini.

Mwaka huu nimeulizwa swali moja mara nyingi kuliko hata la "mtoto wangu hali". Swali lenyewe: "Nesi, hivi Muscat ni kuzuri?" Anayeuliza ni binti ambaye rafiki yake yuko huko anafanya kazi za ndani. Au ni mama ambaye binti yake ameshapiga picha ya pasipoti. Au ni baba ambaye mkewe ameanza kulizungumzia usiku, taratibu, wakati mtoto amelala.

Mimi si wakala wa safari. Ila kazini kwetu mgonjwa akija, kabla ya dawa tunachukua historia yake. Umeanza lini kuumwa? Nyumbani nani mwingine anaumwa? Ulikunywa nini? Mji nao ni hivyo hivyo. Huwezi kusema ni mzuri au mbaya kama hujui umetoka wapi. Basi tutachukua historia ya Muscat pamoja, sehemu tano, na mwishoni nitalijibu lile swali.

Tuanze jikoni kwako. Una pilipili manga? "Manga" ni jina la zamani la Kiswahili la nchi ya Waarabu, hasa upande wa Omani. Ndiyo maana wazee wetu waliwaita wenye maduka ya Tabora na Shinyanga "Wamanga". Na mji mkuu wa Manga waliuita Maskati. Hiyo hiyo mnayoiandika Muscat.

Sasa hebu upate picha yake. Sisi wa Mwanza hatupati taabu kuipata, kwa sababu mji wetu umekaa kwenye mawe na maji, na Maskati ya kale iko hivyo hivyo. Ni kighuba kidogo cha bahari kilichobanwa na milima ya mawe meusi, makavu, yasiyo na hata kichaka. Mwendo mfupi kutoka hapo kuna mji pacha unaitwa Mutrah, wenye bandari pana zaidi na soko. Maskati alikaa mtawala, Mutrah walikaa wafanyabiashara.

Tofauti yetu na wao ni maji. Sisi ziwa liko mlangoni, ukichota ni maji baridi. Wao mbele ni chumvi tupu, na mvua ya mwaka mzima mara nyingi haifiki hata ile tunayopata hapa Usagara kwa mwezi mmoja wa masika. Kiangazi joto linapita nyuzi 40. Hata baharini upepo unakuwa wa moto.

Jiulize: nani anajenga mji mahali kama hapo? Jibu: mwenye jahazi. Hapo pana kina, milima inazuia upepo, na ni njia panda kati ya India, Ghuba ya Uajemi na Afrika Mashariki. Ukisimama hapa njia panda ya Usagara, barabara moja inakwenda Shinyanga na nyingine Kigongo darajani, unaona jinsi mama mwenye meza ya matunda anavyofaidi. Anayekaa penye njia anakula. Maskati ni njia panda ya majahazi.

Kesho: ngome, muuza halua, na jinsi Maskati ilivyofika mpaka ziwani kwetu.

SEHEMU YA 2: MUUZA HALUA ALIYEFIKA TABORA

Karibuni tena. Kama ulipitwa na ya jana rudi nyuma kwanza, hizi zinafuatana.

Mahali penye faida hapakosi wa kupatamani. Mwaka 1507 Wareno, chini ya Afonso de Albuquerque, waliishambulia Maskati na kuichoma. Wakaishika kwa karibu miaka 140. Zile ngome mbili mnazoziona kwenye picha, moja huku na moja kule juu ya mawe ya bandari, zinaitwa Al Jalali na Al Mirani. Wareno ndio waliozijenga katika miaka ya 1580 kwa sura zilizojulikana baadaye.

Mwaka 1650 Waomani wakawafukuza. Hawakuishia hapo, wakawafuata Wareno mpaka pwani yetu ya Afrika, na mwaka 1698 wakaiteka Ngome ya Yesu pale Mombasa. Kuanzia hapo Maskati na Uswahilini wakawa kama nyumba mbili zenye uwanja mmoja, na uwanja huo ni bahari. Pepo za kaskazi zinawaleta, pepo za kusi zinawarudisha.

Katikati ya karne ya 18 ukoo wa Al Busaidi ukashika utawala, na ndio unaotawala Omani mpaka leo. Miaka ya 1780 makao ya utawala yakatoka milimani yakashuka Maskati, bandarini kwenye fedha.

Mtawala wa ukoo huo tunayemsoma shuleni ni Seyyid Said bin Sultan, aliyetawala kuanzia 1806 hadi 1856. Huyu bwana aliona kitu ambacho wengi hawakukiona: Unguja ilikuwa na mvua, udongo na biashara kuliko mji wa baba zake. Kufikia mwaka 1840 alikuwa amehamishia makao yake Unguja. Karafuu zikapandwa kwa wingi. Fikiria kidogo: mji mkuu wa dola ya Kiarabu ukawa kisiwa chetu cha Afrika Mashariki, na Maskati ikabaki kama nyumba ya zamani anayoachiwa mtoto mkubwa aitunze.

Nani alizipanda karafuu hizo na kuzichuma? Watumwa. Nani aliyabeba meno ya tembo kutoka bara? Wapagazi, wakiwemo Wanyamwezi na Wasukuma waliokodiwa, na pia watu waliotekwa. Misafara ilitoka Bagamoyo ikapanda mpaka Tabora, wakati huo ikijulikana kama Kazeh, na kutoka hapo ikaja mpaka huku ziwani. Hatuwezi kuisimulia Maskati kwa halua na ngome tu tukaliruka hili. Kuna mama walionyang'anywa watoto wao kwenye njia hizo. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Omani yenyewe utumwa ulipigwa marufuku kisheria mwaka 1970. Ndiyo, umesoma vizuri. 1970. Bibi yako alikuwa ameshazaa.

Halua niliyoitaja ni hii. Pale Kazeh, mwaka 1857, Waingereza wawili, Burton na Speke, walipokelewa na mfanyabiashara Mwarabu aliyeitwa Snay bin Amir. Burton aliandika kwamba mtu huyu alianza maisha Maskati akiwa mtengeneza halua. Muuza vitu vitamu tu! Akavuka bahari, akapanda bara, na ndani ya miaka kama 16 akawa tajiri mkubwa wa pembe za ndovu na watumwa. Waarabu wa Kazeh ndio waliowaambia wageni hao kwamba kaskazini kuna ziwa kubwa kuliko yote. Speke akaja kuangalia. Tarehe 3 Agosti 1858 akaliona ziwa akiwa hapa Mwanza, akalipa jina la malkia wao, kana kwamba halikuwa na majina. Wenyeji walikuwa wanavua ndani yake toka enzi na enzi.

Stanley alipofika Kageyi, upande wa Magu, mwaka 1875, alimkuta mfanyabiashara kutoka pwani ameshafika zamani na anatengeneza jahazi la kutumia humu ziwani.

Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "Muscat ni mbali", mwambie wao walishafika Mwanza zaidi ya miaka 160 iliyopita. Na hawakuja mikono mitupu, wala hawakuondoka mikono mitupu.

Hata damu inakumbuka. Nyie wenye watoto wa sikoseli mnajua Kanda ya Ziwa tulivyo na mzigo huu. Omani nao wana sikoseli nyingi. Watafiti waliochunguza vinasaba vya wagonjwa wa huko wamekuta vya asili ya Uarabuni na India, na wamekuta vya asili ya Afrika. Meli zilibeba watu, na watu walibeba vinasaba. Ujue tu kwamba ugonjwa huu si laana ya ukoo wako. Ni historia.

SEHEMU YA 3: MJI ULIOFUNGA MLANGO USIKU

Wapendwa, leo tunaingia kwenye sehemu ngumu.

Seyyid Said alifariki baharini mwaka 1856, akiwa njiani kurudi Unguja. Watoto wakagombana, kama tunavyoona kwenye mirathi mingi. Thuwaini alikuwa Maskati, Majid alikuwa Unguja, kila mmoja anataka chote. Mwaka 1861 Waingereza wakaamua: zigawanywe nchi mbili, na Unguja, iliyokuwa tajiri, iwe inailipa Maskati riale 40,000 kila mwaka.

Soma hiyo tena. Mji mama ukawa unapelekewa matumizi na mtoto.

Baadaye zikaja meli za moshi, ambazo hazikuhitaji pepo wala majahazi ya Maskati. Mwaka 1869 ukafunguliwa Mfereji wa Suez, na biashara ya dunia ikapinda njia. Mji wa njia panda ukajikuta uko pembeni. Mmeshaona barabara kuu ikihamishwa na mabanda ya biashara yakabaki yanapigwa vumbi? Basi ndivyo Maskati ilivyokuwa, kwa karibu miaka 100.

Umaskini ukiingia mjini unaanza na watoto. Hili nalisema kama nesi.

Bandari inaleta mali, na inaleta magonjwa. Mwaka 1821 kipindupindu kilikuwa kimeingia Maskati kutoka upande wa India, kikaua watu wengi sana. Malaria ilikuwepo kwenye mabonde yenye maji. Na kulikuwa na ugonjwa wa vikope, yaani trakoma, unaoambukizwa kwa mikono michafu, nguo za kufutia uso na nzi. Mtoto anaupata mdogo, kope zinajikunja ndani, zinakwangua jicho, na akiwa mtu mzima anapofuka. Mama aliyenawisha watoto wake kwa kitambaa kimoja hakujua anafanya nini. Maji yalikuwa ya kubana.

Wakati huo huduma za hospitali kwa wananchi zilikuwa chache mno, na sehemu kubwa ilishikwa na wamisionari kutoka Marekani. Mwaka 1913 daktari mwanamke, Sarah Hosmon, alianza huduma kwa ajili ya wanawake Maskati. Baadaye Mutrah ikajengwa hospitali ya misheni, na kuanzia 1939 daktari Wells Thoms aliihudumia kwa miaka zaidi ya 30. Mtu mgonjwa kutoka vijijini alibebwa kwa punda au ngamia, siku kadhaa kwenye jua lile. Wewe unayelalamika bodaboda ya kwenda kituo cha afya ni ghali, hebu mfikirie mama mwenye uchungu juu ya punda.

Mtawala kuanzia 1932 alikuwa Sultani Said bin Taimur. Alirithi nchi yenye madeni, akawa anabana kila senti. Mpaka hapo namwelewa. Lakini mafuta yalipoanza kuuzwa nje mwaka 1967 aliendelea kubana, na aliogopa mabadiliko. Usiku, saa tatu baada ya jua kuzama, malango ya Maskati yalifungwa. Aliyetembea baada ya hapo alipaswa kushika kandili kuonyesha uso wake. Tochi haikutosha, ilikuwa kandili. Sultani mwenyewe hata hakuwa anaishi mjini, alikaa Salalah, mbali kusini.

Fikiria wewe uko nje ya lango hilo saa sita usiku na mtoto ana degedege.

Ifikapo 1970 nchi nzima ilikuwa na shule tatu za serikali zenye wanafunzi kama 900, wote wavulana. Msichana hata mmoja hakuwemo. Barabara ya lami ilikuwa kama kilomita 10. Na kati ya watoto watano waliozaliwa, karibu mmoja hakufikisha miaka mitano.

Mmoja kati ya watano! Wewe mwenye watoto watano waangalie sasa hivi wanavyocheza hapo nje. Mimi nimeandika sentensi hii nikanyamaza kidogo.

Kesho nawaambia walifanya nini.

SEHEMU YA 4: WALIFANYA NINI?

Tarehe 23 Julai 1970 kijana wa Sultani, Qaboos bin Said, alimwondoa baba yake madarakani kwa msaada wa Waingereza. Mzee akapelekwa London, na huko akafariki mwaka 1972. Kijana akatawala miaka karibu 50, mpaka alipofariki Januari 2020.

Mimi si mwandishi wa siasa. Alitawala kama mfalme mwenye neno la mwisho, na wapo Waomani waliolipa gharama kwa kusema tofauti. Hilo liwepo. Ila mimi natazama kadi za kliniki, na kadi za kliniki zinasimulia mambo makubwa.

Mji kwanza. Malango yalifunguliwa. Kiwanja cha ndege cha Seeb kikafunguliwa 1973. Bandari mpya ya kisasa ikaanza kazi Mutrah 1974. Kwa kuwa milima inaubana mji, haukuweza kutanuka kama chapati, ukarefuka kama mkeka kufuata bahari: Ruwi, Qurum, Khuwair, mpaka Seeb. Mwaka 1976 kikafunguliwa kiwanda cha Ghubrah cha umeme na cha kuondoa chumvi kwenye maji ya bahari. Mji ambao mtu aligombania ndoo ya kisima ukaanza kunywa bahari. Chuo kikuu kikafunguliwa 1986, Hospitali ya Royal 1987. Baadaye meli za mizigo zilihamishiwa Sohar, na bandari ya Mutrah imebaki zaidi na meli za watalii.

Sasa watu huwa wanasema, "Aah, wale wana mafuta." Ni kweli fedha ilitoka kwenye mafuta. Lakini fedha peke yake haimchanji mtoto. Ziko nchi zenye mafuta ambazo watoto wanakufa mpaka leo. Omani walifanya mambo ambayo mimi nesi wa wilayani nayatambua moja moja, kwa sababu ndiyo tunayoyaimba kila siku kliniki:

Kwanza, walipeleka huduma kwa watu. Walijenga vituo vya afya vijijini na milimani, si mahospitali makubwa ya mjini peke yake. Huduma kwa raia ikawa bure au karibu na bure.

Pili, chanjo. Mpango wa taifa wa chanjo ulianza 1981 na ukafika karibu kila mtoto. Lakini mnisikilize hapa. Mwaka 1988 na 1989, chanjo ikiwa imeshafika watoto wengi, polio ililipuka na kuwapata watoto zaidi ya 100. Hawakusema "chanjo haina maana". Waliongeza dozi na kufanya kampeni za nchi nzima. Mnakumbuka 2022 tulipopita nyumba kwa nyumba na matone, baada ya polio kuonekana Malawi, na baadhi yenu mkaficha watoto chumbani mkasema "huyu alishapata"? Ndiyo sababu tulirudia. Mtoto aliyekosa anakuwa mlango kwa mtaa mzima.

Tatu, wasichana walipelekwa shule. Hili watu hawalioni kama dawa, lakini ni dawa. Binti aliyesoma anasoma maelekezo ya dawa, anahesabu wiki za mimba, anajua mtoto akipumua haraka ni hatari. Chukua shule iliyokuwa haina msichana hata mmoja, ihesabu miaka 25 mbele: wale wasichana ndio akina mama wapya.

Nne, kupumzika kati ya mtoto na mtoto. Mwaka 1994 serikali ilianzisha rasmi mpango wa kupanga nafasi za uzazi. Ni nchi ya Kiislamu yenye kupenda watoto, na hawakuusema kama kuzuia uzazi, waliusema kama afya ya mama. Wastani wa zaidi ya watoto saba kwa mama mmoja umeshuka sana.

Tano, maji na mikono. Ule ugonjwa wa vikope uliopofusha bibi zao, mwaka 2012 Omani ikawa nchi ya kwanza duniani kuthibitishwa na Shirika la Afya Duniani kwamba imeutokomeza kama tatizo la afya ya jamii. Walitumia dawa na upasuaji wa kope, na pia maji ya kunawa uso. Na mwaka 2022 wakathibitishwa kuzuia maambukizi ya VVU na kaswende kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Ni vipimo vile vile tunavyokupima hudhurio la kwanza, ndugu yangu, vile ambavyo baba wanavikimbia.

Matokeo? Kutoka karibu mmoja kati ya watano, leo huko Omani ni takriban mtoto mmoja kati ya 100 anayekufa kabla ya miaka mitano. Mwaka 2010 Umoja wa Mataifa uliitaja Omani kuwa nchi iliyopiga hatua kubwa kuliko zote za maendeleo ya watu kwa miaka 40.

Msikate tamaa na kwetu. Tafiti za taifa zinaonyesha mwaka 1999 Tanzania ilipoteza watoto 147 kati ya kila 1,000 kabla ya miaka mitano. Mwaka 2022 ni 43. Bado ni wengi, nami baadhi nimewashika mikononi. Ila hatukusimama. Bugando ilifunguliwa 1971, mwaka mmoja tu baada ya wale kufungua malango yao. Tumetembea bila kisima cha mafuta, kwa kadi, matone, chandarua na miguu yetu.

Na wao sasa wana maradhi mapya: kisukari na presha, kwa ajili ya magari, viyoyozi, soda na vitamu. Huo nao ni ujumbe kwa wanaodhani mtoto mnene ndiye mwenye afya.

SEHEMU YA 5: WATU WETU HUKO, NA JIBU LA SWALI

Leo namaliza. Someni mpaka chini.

Ukitembea Maskati leo utasikia Kiswahili sokoni na maofisini. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964, watu wengi wenye asili ya Omani walikimbia Visiwani. Sultani wa zamani hakuwafungulia mlango kirahisi. Baada ya 1970 mpya aliwaita. Walikuja wamesoma, wanajua Kiingereza, wanajua kazi za ofisi, ualimu, uuguzi na ufundi, na nchi ilikuwa haina watu hao. Kwa hiyo ujenzi wa Maskati mpya una mikono ya Waswahili ndani yake. Wanakula wali wa nazi na mandazi, wanavaa kanga nyumbani, na wakikasirika wanakasirika kwa Kiswahili.

Pia wapo wageni wengi sana. Katika kila watu watano wanaoishi Omani, takriban wawili si raia. Wahindi, Wabangladeshi, Wapakistani, Wafilipino, na dada zetu.

Hapo ndipo swali lenu lilipo.

Kliniki yetu siku hizi naona kitu. Mtoto wa miezi minne analetwa na bibi. Uzito umeshuka, mstari kwenye kadi unatelemka badala ya kupanda. Namuuliza bibi, mama yuko wapi? "Yuko Uarabuni, mjukuu wangu, ameenda kutafuta." Mtoto anakunywa uji mwepesi na maziwa ya ng'ombe yaliyoongezwa maji. Bibi amechoka, mgongo unauma, na fedha bado haijafika. Sijamwona mmoja tu. Na huyo binti huko aliko huenda anambembeleza mtoto wa mtu mwingine aliyechanjwa chanjo zote.

Sitawaambia msiende. Njaa haisikilizi mahubiri, na wapo waliokwenda wakarudi wamejenga, wamesomesha. Lakini wapo waliorudi hawana kitu. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu wafanyakazi wa ndani Watanzania walioko Omani na Emirati: kunyang'anywa pasipoti, kufanya kazi saa nyingi bila mapumziko, kulipwa pungufu au kutolipwa, na wengine kupigwa na kudhalilishwa. Huko kibali cha mfanyakazi kinafungamana na mwajiri wake, kwa hiyo ukikorofishana naye huhami tu kama unavyohama kwa mama wa Nyegezi kwenda kwa mama wa Igoma.

Kwa hiyo jibu langu: Muscat ni mji mzuri. Ni msafi, watoto wake wanapona, na ulijengwa na watu walioamua. Ila uzuri wa mji si mkataba wako. Mji unaweza kuwa mzuri kwa mwenye nyumba na mgumu kwa anayelala jikoni. Historia yake imetuonyesha yote mawili toka enzi za karafuu.

Kama umeamua kwenda, fanya haya:

Usiondoke mtoto akiwa chini ya miezi sita. Hiyo miezi ni ya maziwa yako peke yake, hakuna mshahara unaoirudisha. Ukiweza, subiri afike miaka miwili.

Kabla ya kuondoka, mwachie anayemlea kadi ya kliniki na mweleze tarehe. Surua ni miezi 9 na miezi 18. Mpeleke huyo mlezi kliniki umtambulishe, tumjue.

Mkubaliane kwa majina nani anapokea fedha na ngapi ni ya chakula cha mtoto. Mambo ya "tutaona" yanaishia kwenye utapiamlo.

Wakala umuulizie kwanza TaESA, huduma za ajira za serikali, kama amesajiliwa. Mkataba uusome au usomewe, kwa lugha unayoielewa, kabla ya kuweka dole gumba. Pasipoti piga nakala, moja iache nyumbani. Namba ya Ubalozi wa Tanzania ulioko Muscat iandike kwenye karatasi, usiitegemee simu, maana simu nayo hunyang'anywa.

Na akina baba, msimtume mke wenu kule kisha mkaoa kwa fedha yake. Nimemaliza hapo.

Kwa ambao hamuendi popote, mna kazi moja tu kutoka kwenye mada hii. Leo jioni toa kadi ya mtoto kabatini. Angalia nafasi iliyo wazi, ile ambayo hamjagongewa muhuri. Kama ipo, keshokutwa ni siku ya kliniki, na nitakuwepo zamu ya asubuhi. Njooni na kadi, na mnaweza kuja na bibi.